Rabi Amram na Mkwewe

Rabi Amram Buskila alikuwa wa watu wote, na hapo ndipo msiba wake ulipoanzia. Katika mji wetu wa jangwani, mtu akigombana na mkewe alimkimbilia Amram. Akitaka kujua kama sufuria iliyoingia maziwa bado yafaa kupikia nyama, maana sheria yetu Wayahudi haituruhusu kuvichanganya, ni Amram. Mimi Mazal niliishi chini yao, nikisikia viatu vya wageni ngazini tangu alfajiri.

Kisha binti yake mdogo, Alegra, akafa kwa homa ya uti wa mgongo. Siku saba za matanga Amram aliketi kwenye kigoda, shati limechanwa kifuani kama desturi yetu ya msiba, watu wakija kumpa pole. Pole zenyewe hazikuchukua muda.

"Rabi, maadamu nimefika, kuna kajambo kadogo..."

Naye akawasikiliza. Mkewe, Zohara, alikaa kando yake akimezeshwa ugomvi wa nyua na ndoa za wenziwe. Matanga yalipoanuliwa, aliwachukua wanawe wawili akaenda kwa baba yake, Haifa.

Majira ya baridi, juma tunalosoma katika Torati habari za Yethro, yule mkwe aliyempelekea Musa mkewe na wanawe jangwani, mzee Makhluf, baba yake Zohara, naye akamleta binti yake na wajukuu. Basi liliwashusha Ijumaa adhuhuri. Amram alitoka mbio, akamkumbatia mzee, akambusu mashavu yote mawili.

"Karibu, baba! Hamkuchoka? Ingieni, Mazal katupikia kuskusi."

Zohara alikuwa nyuma na watoto na masanduku. Kabla Amram hajamfikia, wanaume wawili walishamdaka mkono.

"Rabi, dakika moja tu, Sabato inaingia!"

Akageuka nao. Dakika hiyo ikala mchana mzima.

Kesho yake alisimama katika sinagogi akafundisha jinsi Musa alivyojichosha kuamua kesi za watu kutwa nzima, hata mkwewe akamshauri agawe kazi. Alieleza vizuri. Mzee Makhluf akanyanyuka.

"Mkwe wangu, nina swali."

"Uliza, baba."

"Imeandikwa Musa alitoka kumlaki mkwewe, akainama, akambusu, wakajuliana hali. Mkewe alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Na wanawe?"

"Nao pia."

"Basi nisomee mahali alipowaambia neno."

"Wewe mzee, kaa chini!" mtu akafoka. "Usituharibie Sabato!"

Amram hakuhitaji kutazama kitabu. "Hapana mahali," akasema, akashuka. Huku juu, kwenye roshani tunapoketi wanawake, Zohara hakuinua uso.

Baada ya chakula nilikuwa naondoa sahani niliposikia Amram akimwambia, "Naacha, Zohara. Kesho nawaambia watafute rabi mwingine."

"Waambie."

"Utabaki?"

"Tulipotoka kumzika Alegra," akasema Zohara, "ulisimama langoni mwa makaburi ukimjibu mtu habari za kuku wake. Nikakungoja. Nikajiona nitakungoja hivyo mpaka nife. Nimekuja watoto wakuone, Amram. Basi."

Jumapili wakaondoka. Amram naye hakurudi nyuma: alijiuzulu siku hiyohiyo. Tulimsihi, tukamlaumu, wengine wakamtukana kwamba ametutupa kama mayatima. Kabla ya Pasaka tulishapata mwingine, mwenye sauti nzuri kuliko yeye.

Amram alihamia Haifa, akapanga chumba, akawa anafundisha watoto herufi. Nilipokwenda kumwona dada yangu kule, nilimkuta sokoni amekonda, akanisimulia siku ya kwanza alipobisha kwa mkwewe. Mwanawe mdogo ndiye aliyefungua. Alimfahamu vizuri, ila jina alilozoea kulisikia nyumbani kwao lilikuwa moja tu. Akageuka, akaita:

"Mama! Rabi yuko mlangoni."

Zohara alimpa kiti na kahawa. Tangu hapo huenda kila Alhamisi. Huwauliza wanawe habari za shule, nao humjibu wamesimama, mikono nyuma, kwa adabu.