Pua Gani Itangulie

Ninakaa chini kabisa kwenye jengo letu, mlango unaotazama ngazi, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka bila mimi kumjulia hali. Wanaoniita mbea ni wale ambao bado sijawapa habari. Basi siku ile ya pua, waliposhuka jirani zangu wa ghorofa ya tatu na sahani zao, mito yao na picha walizokata magazetini, mimi nilikuwa nimeshaweka chai jikoni. Sebule yangu ndiyo kubwa kuliko zote, na shughuli ya pua haifanyiki kwenye nafasi finyu.

Alasiri ile Taraneh, binti wa jirani yangu Nayereh, alikuwa na zamu ya kuonana na Daktari Foruzesh. Nusu ya pua zinazopita kwenye mtaa wetu hapa Tehrani amezichonga yeye. Kumpata ni kazi. Ni rahisi zaidi kupata pa kuegesha gari mkesha wa mwaka mpya.

Ila zamu haikuwa ya Taraneh. Ilikuwa ya mama yake mdogo, Behjat, ambaye aliipata kupitia msusi wa shemeji yake daktari, baada ya kumlisha msusi huyo achari ya biringani majira ya baridi yote. Alipoipata alikuja kuitangaza kwenye karamu ya mwaka mpya kwa Nayereh. Nilikuwepo. Chungu cha wali kilikuwa kimeshapinduliwa kwenye sinia, ukoko juu, unameta kwa zafarani. Taraneh, mtoto mwenye adabu zake, akasema, "Hongera mama mdogo! Zamu kwa Foruzesh! Una bahati kweli."

Sasa, kwetu mtu akikisifu kitu chako, huna budi kumwambia: ni chako, kichukue. Akisifu saa, unaanza kuivua. Akisifu zulia, unajifanya unalikunja. Naye anakuambia hapana, kinakupendeza mwenyewe. Unamsihi, anakataa, unamsihi tena, anaapa kwa roho yako kwamba hachukui. Yameisha. Kila mtu anabaki na chake, na heshima imeongezeka pande zote. Hata watoto wa chekechea wanaujua mchezo huu.

"Ni yako, roho yangu," Behjat akasema. "Ichukue."

"Hapana mama mdogo, inakupendeza mwenyewe."

"Haki ya Mungu naitoa kwa moyo mmoja."

"Siwezi kabisa."

"Usiponipokelea, Taraneh, nitaudhika."

Ilibaki kukataa mara moja tu. Lakini Nayereh, kwa furaha ya kuona watoto na wakubwa wanavyoheshimiana, alikuwa amemsukumia binti yake mdomoni kipande cha ukoko, kile cha katikati, kinene, kinachogombaniwa na watu wazima. Kusema na ukoko mdomoni mbele ya wakubwa ni aibu. Kuutema ni aibu mara mbili. Mtoto akafanya alichoweza. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Nayereh akapiga vigelegele. Meza nzima ikapiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama Behjat, na uso wake uliporomoka kama keki iliyofunguliwa tanuri mapema.

"Iwe ya heri," akasema, akaomba maji.

Kesho yake Taraneh akabisha kwangu.

"Bi Sholeh, mimi pua yangu naipenda."

"Hiyo?" nikamuuliza, maana si pua ya kuficha. Ni pua ya marehemu babu yake, ina mgongo na nundu, na katika ukoo mzima wameirithi wawili tu, yeye na Behjat.

"Hii hii. Wenzangu wote chuoni wameshachongwa. Wakikaa ubavu siwajui yupi ni yupi. Mimi wananiona tangu getini. Isitoshe inanishikia miwani. Lakini nikisema sitaki, si nitakuwa nimemtupia mama mdogo zawadi yake usoni?"

Akaniapisha kwa kaburi la mume wangu nisimwambie mtu.

Siku hiyo hiyo, chai ya mtoto haijapoa, akaja Behjat.

"Sholeh dada yangu, nimejichinja kwa ulimi wangu. Siku ya harusi yangu mpiga picha aliniambia, 'Bibi harusi, geuka kidogo, pua inamtia bwana kivuli.' Tangu siku hiyo nangoja. Nangoja! Leo nimeipata, nimeigawa kwenye wali!"

"Mwambie tu mtoto."

"Nimnyang'anye nilichompa mbele ya watu? Bora nizikwe nayo."

Akaniapisha kwa kaburi lile lile. Marehemu mume wangu alipokuwa hai hakuwahi kupewa kazi nyingi hivyo.

Fikiria mwenyewe. Mtu kama mimi, upewe siri mbili zinazotibiana, kisha ufungwe mdomo. Ni kumpa mwenye njaa sahani mbili na kumfunga mikono nyuma.

Ndiyo maana siku ya zamu niliita nyumba nzima ije kumwandaa mtoto kwangu. Nilikuwa na hesabu zangu. Sikuapa kutofanya kitu, niliapa kutosema. Kama ningeweza kumfanya Behjat aisifu ile zamu kwa kinywa chake mbele ya watu, Taraneh angeruka na kumwambia ni yako, na safari hii nisingeruhusu ukoko usogee karibu.

Wakajaa. Mbegu za maboga, chai, biskuti za mchele, moshi wa mbegu za kufukuzia husuda unatoka jikoni mpaka jirani akauliza kama tunaungua. Kiumars, babake Taraneh, dereva wa basi mstaafu, alikuwa amefinyanga pua tatu kwa unga wa mkate ili mtoto achague: ya asili, ya mwanasesere, na moja iliyoinuka mpaka mvua ingeingia. Akavaa joho langu jeupe la kuogea, akaketi nyuma ya cherehani yangu, akawa daktari.

"Karibu binti. Nini kinakusumbua?"

"Hakuna, daktari. Nisikusumbue wewe tu."

"Nasema katika pua."

"Pua haijambo. Inakusalimu."

"Mungu wangu!" Nayereh akajipiga paja. "Huyu atarudishwa nyumbani na pua yake!"

"Huwa wanarudisha watu?" Taraneh akauliza haraka mno.

"Jibu kama mgonjwa, mwanangu! Daktari, mimi nasema kwa niaba yake. Tunataka ya mwanasesere."

"Mama wa mgonjwa akae nyuma ya mstari wa njano," Kiumars akasema, maana basi halikuwa limemtoka bado. Akageuka kuichukua pua ya mwanasesere. "Iko wapi?"

Haikuwepo mezani. Nikaenda jikoni kuongeza chai, na kwenye kioo cha ukumbini nikamkuta Behjat, kichwa nyuma, ameibandika ile pua ya unga juu ya yake, anajitazama ubavu kwa machozi.

"Naangalia kama imekauka," akasema.

"Na imekauka?"

"Bado kidogo." Akaibandua. Nundu ya marehemu baba yake ilikuwa imeipasua katikati.

Nikaona huu ndio wakati. Nikarudi naye sebuleni, nikapaza sauti.

"Jamani, si zamu nzuri hii! Alasiri, jua limetulia. Au siyo, Behjat?"

Taraneh akanyoosha mgongo. Kumbe naye alikuwa anavizia. Alingoja mtu yeyote, hata mlinzi, aisifu zamu ile amkabidhi papo hapo. Lakini Behjat si mtoto. Kusifu ulichokwisha kutoa ni kuomba ukirudishiwe, na yeye asingeomba.

"Nzuri wapi!" akasema. "Alasiri daktari kachoka, mikono inamtetemeka."

"Lakini Foruzesh ni fundi," nikasema.

"Fundi? Kuna mwanamke alimpinda pua kushoto. Sasa akipiga chafya kwenye teksi anamlowesha dereva."

Kila alivyoitamani zaidi, aliitukana zaidi. Alisema kliniki haina hewa. Alisema muuguzi ana nuksi. Mwisho Nayereh akaweka gilasi chini.

"Behjat! Kumbe umempa mwanangu mchinjaji?"

"Mchinjaji? Foruzesh?" Moyo ukamruka Behjat. "Hakuna mkono kama ule nchi nzi..."

Akamwona Taraneh amekaa ukingoni mwa kiti, macho yanawaka, mdomo umeshafunguka. Behjat akalimeza neno.

"Si mbaya," akamalizia. "Wa kawaida tu."

Nikachoka. Hata shetani angekunja mkeka.

Muda ukafika. Nayereh akainua Kurani mlangoni, mtoto akapita chini yake kama anayekwenda vitani, halafu Nayereh akamwaga lile bakuli la maji ambalo humwagwa nyuma ya gari ili msafiri arudi salama. Alilimwaga kabla ya gari kuondoka, na dirisha la Kiumars lilikuwa wazi. Tulikwenda kwa Foruzesh na daktari wetu wa bandia amelowa mpaka soksi. Behjat alikuja pia. Alisema anamsindikiza mtoto, hangeweza kuiacha zawadi yake njiani.

Chumba cha kungojea kilijaa plasta. Wasichana wenye plasta, mvulana mwenye plasta, mama mmoja mwenye plasta na mumewe mwenye plasta ndogo zaidi, kwa unyenyekevu. Muuguzi akafungua mlango.

"Behjat Monfared!"

Hakuna aliyekuwa amebadilisha jina kwenye orodha. Behjat akanyanyuka nusu kama mwanafunzi aliyeitwa kupokea zawadi, akakumbuka, akakaa tena. Kile kiti kililia kwa niaba yake.

"Ni huyu," akasema, akimsukuma Taraneh. Akamfuata mpaka mlangoni kumfikisha, nasi tukafuata, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Na hapo mlangoni, Mungu ni mwema, wakasimama.

"Tangulia, roho yangu," Behjat akasema.

"Mimi nikutangulie wewe? Haiwezekani, mama mdogo."

"Zamu ni yako."

"Ukubwa ni wako."

"Nife mimi kama nitapita kabla yako."

"Nife mimi kwanza."

Foruzesh mwenyewe akatoka kuona kwa nini mlango uko wazi na hakuna mgonjwa. Mtu mfupi, miwani ya dhahabu, pua yake mwenyewe ovyo kabisa. "Tafadhalini, karibuni," akasema.

"Tangulia wewe, daktari!" wote wawili.

"Mbele ya wageni wangu? Kamwe."

Sasa tuna watu watatu mlangoni na hakuna anayeingia, na mumewe yule mama wa plasta ameanza kucheka huku ameshikilia pua isimfunguke. Nikaangalia mdomo wa Taraneh. Mtupu. Nikaangalia mwili wangu. Mungu hakuninyima nyonga. Sikusema neno hata moja, kaburi la mume wangu ni shahidi. Nilijikwaa tu. Nikajikwaa kwa uzito wote, na Behjat akaruka ndani, akafika mpaka kwenye kile kiti kikubwa chini ya taa, akakaa.

Daktari akaingia nyuma yake, akakuta pua kwenye kiti. Kwake mwenye kiti ndiye mwenye shida.

"Basi tuanze."

"Siyo mimi, daktari! Zamu ni ya mtoto yule."

"Wote husema hivyo wakikaa hapo," Foruzesh akasema, akawasha taa. Akamshika kidevu, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto. Kisha, kwa vile ni mtu aliyelelewa, na hakuna mtu aliyelelewa anayemwambia mwanamke pua yako mbaya, akasema, "Mashallah. Pua yenye hadhi. Nzuri sana."

Ameisifu.

Behjat alikuwa amejizuia tangu mwaka mpya. Alikuwa amemtukana fundi, kliniki, muuguzi na jua. Lakini adabu za miaka yote zilikuwa zimekaa karibu na ulimi wake kuliko akili, na zikatoka zenyewe.

"Ni yako, daktari," akasema. "Ichukue."

Mtu yeyote mwingine nchini angesema hapana, inakupendeza mwenyewe. Foruzesh akavuta kalenda yake.

"Nimepokea," akasema. "Tuseme wiki ya pili ya mwezi ujao?"

Behjat akaangua kilio kimoja kikubwa cha furaha, akajikumbuka, akamgeukia Taraneh na uso wa aibu. "Mwanangu, sasa wewe..."

"Nakuapia kwa roho yako, mama mdogo, usiirudishe!" Taraneh akapiga kelele. Hatimaye alikuwa amekataa mara ya tatu, ile iliyokwamishwa na ukoko.

Kwenye gari Nayereh alinuna mpaka njia panda ya pili, halafu akaanza kupanga sherehe ya plasta. Mimi nilipitisha mfuko wa mbegu za maboga. Behjat, moyo umemfunguka, mkono kwenye shavu la mtoto, akamwangalia ubavu kwa muda mrefu.

"Nakwambia kweli, Taraneh. Ile pua ya baba inakukaa wewe vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Pua nzuri hasa."

Gari zima likamgeukia mtoto. Hata Kiumars aliangalia kwenye kioo. Tulijua neno gani linafuata.

Taraneh akachota mbegu za maboga kiganja kizima, akajaza mdomo, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.