Muriro Chini ya Dix-Tonnes

Niacheni kwanza nipumue. Naitwa Munezero, niko mwaka wa pili wa informatique, na kama samedi saa tisa mulisikia makelele Majengo, hapa Goma, ile yenye ilifanya hata mama wa beignets waache mafuta ku moto wakuje kuchungulia, ilikuwa yangu. Ao tuseme ilikuwa ya paka yangu.

Paka mwenyewe anaitwa Muriro. Anaishi mu simu, ndani ya muchezo tunaita Nyama Kali. Kama haujacheza: kila mutu anapata kanyama kadogo, munyama wa kufuga mu simu, anakalea, anakafundisha kupigana, kisha munaunganisha simu mbili na nyama zinaingia kiwanja. Kuko ndege ya radi, kuko nyoka ya mawe, kuko kila kitu. Yangu ni paka mwenye kucheza catch, ile mieleka ya kuangushana. Anasimama ku miguu mbili kama mutu, manyoya rangi ya majivu, kaptura nyekundu, kifua pana kama mulango wa depo. Mukia wake ni kaa la moto tupu, na akipiga makofi, ndimi za moto zinatoka mu viganja. Mbele ya kupigana lazima azunguke kiwanja, ajipige kifua, awageuzie watu mugongo, kama wale mabwana wa catch wenye walikuwa wanapita mu quartier juu ya gari na ngoma. Sha, ana kiburi! Mimi nampenda bure.

Nilimulea tangu akiwa mudogo kama panya. Zile siku za janvier zenye hatukuwa tunatoka nyumba, tunalala chini sababu ya risasi, nilikuwa namuweka chini ya blanketi, sauti zero, mwanga kidogo kabisa, na yeye anafanya mazoezi yake: anaruka, anaanguka, anaamuka. Anaruka, anaanguka, anaamuka. Nikimuangalia, nasahau kuhesabu milio. Mukisema ni muchezo tu, semeni. Mimi siwezi kusema.

Sasa tuongee mudomo yangu, juu shida yote ilitoka pale.

Mu auditoire yetu, darasa ya chuo, kuko Paulin, kijana wa Butembo, alifika Goma mwaka uliopita. Nyama yake ni kiboko cha maji, jina Dix-Tonnes, ni kusema tani kumi, na tangu afike hakuna mutu alishamushinda. Mercredi tulikuwa tunangojea prof. Paulin akageuka nyuma.

"Munezero, ile kapaka kako, mvua ikinyesha unakafunika na sufuria?"

Auditoire ikapasuka na kicheko.

"Kiboko yako haina hata shingo," nikamujibu. "Inapiganaka, ao inakaaka tu?"

"Inakaaka tu. Na kwenye ilikaa, hakuna mwenye aliamuka."

"Muriro ataamuka!"

"Basi weka. Akishindwa, ananihamia. Nikishindwa mimi, unabeba Dix-Tonnes."

Rafiki yangu Kasoki alinikanyaga muguu chini ya banc. Alinikanyaga nguvu, nilisikia vizuri. Nikasema tu: "Weka!"

Mujue kitu kimoja. Mu Nyama Kali kuko bouton inaitwa Pana, njo ya kupeana. Ukiibonyeza, nyama yako inaenda kwa mwengine na jina lake, na vidonda vyake, na mazoezi yote ulimufundisha, na haikujue tena. Hairudi. Kasoki alipana sungura wake kwa dada yake, na siku alimukuta mu kiwanja, ule sungura alimungata kama mwizi.

Nikafika nyumbani, nikaanza kuhesabu. Maji inakata moto mara mbili, ile kila mutu anajua. Nilihesabu mara ine, na mara zote ine paka yangu anakufa.

Samedi tukaenda kwa Papa Ntirenganya. Huyu papa alikuwa catcheur wa kweli, wa mwili na mifupa, mpaka bega likavunjika. Sasa ana salle ya michezo pale Majengo: mabati, viti vya plastiki, projecteur inapiga picha ku ukuta, panneau ya jua juu ya paa na batterie mbili za gari zenye zilishazeeka. Sababu ya zile batterie, salle yake iko na sheria moja. Mu muchezo, nyama ikiishiwa nguvu ikianguka, haijashindwa bado. Ni kama catch: mwenye alimuangusha lazima amukalie, muchezo unahesabu moja, mbili, tatu, pole pole, na ngoma, na mavumbi, inabeba karibu dakika nzima. Nani ana courant ya kupoteza vile, na watu makumi mbili wanangojea zamu? Kwa hiyo nyama yako ikianguka, unabonyeza Kubali palepale, inaisha, wengine wanaingia. Ukichelewa kidogo, salle yote inaimba: "Kubali, batterie! Kubali, batterie!" Mwaka na nusu tunacheza, sijaonaka nyama yenye ilikaliwa mpaka tatu. Na salle zingine ni vile vile. Courant ni ile ile ya Goma.

"Wenye waliweka nyama ni wawili hawa?" Papa Ntirenganya akauliza, anatuangalia juu ya miwani. "Na mulikunywa nini?"

"Ni yeye, papa," Paulin akasema.

"Ni mimi, papa," nikasema.

Tukaunganisha simu. Ku ukuta, Muriro akatoka, akazunguka kiwanja, akajipiga kifua, akamugeuzia Dix-Tonnes mugongo na kumupungia mukia ku pua. Watu wakapiga miluzi. Mama mumoja mwenye alikuja kununua sucré, soda ya baridi, akasema, "Yewe, huyu paka alilelewa na nani?" Nikajificha nyuma ya Kasoki.

Na hapa njo nataka munisikilize, juu sijaonaka kitu kama kile.

Dix-Tonnes alimukimbilia Muriro. Kiboko ikikimbia, mu ukuta yote kunabaki yeye tu. Muriro hakutoroka. Alipanua mikono, akamupokea kifuani, akateleza nyuma mpaka mwisho wa kiwanja, miguu inachora mistari ya moto mu muchanga. Kisha akainama, akaingiza bega chini ya lile tumbo. Akaanza kunyooka.

"Hapana," Paulin akasema.

Paka alibeba kiboko! Juu ya kichwa! Na mikono mbili! Akamuzungusha mara moja, akamutupa, na nusu ya nguvu ya Dix-Tonnes ikaenda.

Nilipiga kelele ya kwanza pale. Lakini Paulin si mujinga. Alingojea Muriro ageuke kusalimia watu, juu alijua atageuka, kile kiburi chake, na Dix-Tonnes akafungua kinywa. Haikuwa maji ya kutema. Ilikuwa ziwa. Ikamufunika paka mpaka masikio. Kaa la mukia likazima. Mvuke ikajaza ukuta nyeupe pa! Na wakati ilitoka, Muriro alikuwa amesimama mikono juu, hapumui. Manyoya yake yalikuwa yanakuwa nyeusi, tokea miguu kupanda juu, nyeusi na ngumu. Jiwe. Akaanguka ubavu kama ukuta wa choo.

Nguvu: zero. Ku simu yangu, Kubali ikaanza kuwaka.

"Kubali, batterie! Kubali, batterie!"

"Munezero, mutoto yangu," Papa Ntirenganya akasema, "kubali. Tuko ku rouge, batterie inakufa."

Kidole changu kilikuwa juu ya bouton. Mwanzo sikubonyeza sababu ya woga tu, siwadanganye, juu nyuma ya ile bouton kulikuwa Pana, na nyuma ya Pana paka yangu hanijue tena. Nikamuangalia mara ya mwisho. Jiwe jeusi. Lilikuwa na mikunjo mikunjo, kama kamba zimelazwa moja juu ya ingine. Na ku mikunjo, moshi mwembamba mweupe ilikuwa inatoka, haina haraka.

Ile jiwe nilikuwa naijua.

Mu 2021, wakati mulima wa moto ulitapika, tulikuwa tunakaa Buhene, na lave, mawe yenye iliyeyuka, ilisimama nyuma ya choo ya jirani. Ikapoa, ikakuwa nyeusi, watu wakaanza kukata njia juu yake kwenda soko. Mvua ikinyesha, inatoa mvuke kama nguo chini ya pasi. Siku moja, ilikuwa tayari wiki tatu, baba yangu alishika kijiti kikavu, akaniambia, "Munezero, angalia," akakiingiza mu ufa. Akahesabu mpaka tano. Akakitoa kinawaka.

"Sikubali," nikasema.

"Eti?" Paulin akauliza.

"Sikubali. Amukalie."

Makelele yenye ilitoka pale, sitairudilia yote, kulikuwa matusi. Paulin akacheka, akafungua mikono kwa watu. "Munasikia? Anataka nimuaibishe mpaka mwisho!" Mutu mumoja nyuma akasema nimechanganyikiwa, mwengine akasema wanifukuze. Papa Ntirenganya aliangalia taa nyekundu ya batterie. Akaniangalia mimi. Kisha akainama, akachomoa frigo ya sucré. Akachomoa baffle ya sauti, ngoma ikakatika. Akachomoa mpaka ampoule ya taa.

"Mu catch, mutu hakubalishwi na watu wa viti," akasema. "Mwenye anataka sucré ya baridi, arudi kesho. Paulin, mukalie."

Kwa hiyo yote yenye nitasema sasa ilipita bila sauti, mu giza ya mabati, ku ukuta tu.

Dix-Tonnes akatembea mpaka kwa jiwe. Akageuka. Akashusha matako yake, pole pole, kama muzee ku kiti. Mavumbi ikaruka. Ikaandikwa: MOJA.

Hakuna kitu.

Kasoki akashika mukono yangu. Alama za kucha zake bado ziko hapa, muangalie.

MBILI.

Maji ya kiboko ilikuwa inatiririka ku mbavu zake, inaingia mu mikunjo ya jiwe, na ku kila mukunjo mvuke ilianza kutoka. Kidogo. Kisha si kidogo. Paulin akaacha kucheka. Akaangalia simu yake, juu ilikuwa inatetemeka mu mukono.

Ufa ukatokea. Mwembamba kama uzi, na ndani yake, nyekundu. Ule wekundu! Wenye waliona mulima mu ile usiku wanajua, si rangi ya nyanya, si rangi ya damu, ni rangi yenye inaangalia mutu. Ufa mwengine. Wengine kumi. Na Dix-Tonnes akaanza kupanda. Hakuruka, alipanda, amekaa vile vile, uso haujaelewa, juu chini yake kitu kilikuwa kinasimama.

Muriro alisimama na kiboko ku mabega. Hakuwa na manyoya tena. Alikuwa jiwe jeusi mwili muzima, na moto inatembea mu nyufa zake kama damu mu mishipa. Akivuta pumzi inawaka, akiitoa inafifia. Na munisikilize: hakujipiga kifua. Hakugeuzia mutu mugongo. Alimushusha Dix-Tonnes chini na adabu, kiboko nguvu tayari zero sababu ya ule moto, akamulaza, akamukalia, miguu amekunja. Akatuangalia.

Muchezo ukahesabu, lakini hakuna mwenye alisoma. Papa Ntirenganya alihesabu mwenyewe na mudomo, anapiga ukuta na kiganja, na ku tatu sauti ikamukatika, mutu muzima, bega moja juu, bega moja chini, machozi mu ndevu.

Njo pale nililia makelele yenye mulisikia.

Watu walinibeba, wakanishusha, wakanibeba tena. Kasoki akapanda juu ya kiti. "Mutu mwenye alitengeneza hii muchezo alishakanyaga lave na viatu vyake!" Na mimi naamini vile. Hatumujue, jina lake haliko fasi yoyote mu muchezo. Mwaka na nusu aliacha kile kitu pale chini, akanyamaza, na sisi wote tunabonyeza Kubali. Kasoki palepale akaingiza ndege yake, akamuangusha makusudi, akakataa kukubali. Tukangojea, tumeziba midomo. Moja, mbili, tatu, ndege akabaki amelala. "Basi yangu ni kuku," Kasoki akasema, na salle ikafa na kicheko.

Paulin hakucheka. Alikuwa bado anashika simu na mikono mbili.

"Sha Munezero, ilitetemeka mpaka mu mifupa," akasema. "Mimi njo nilikuwa juu yake. Mimi."

Kisha akakumbuka. Niliona inafika ku uso wake. Aliinama tu, akaanza kutafuta Pana, na kidole kinamukosea, kinapita, kinarudi. Nikaweka mukono wangu juu ya simu yake.

"Acha."

"Tuliweka."

"Najua tuliweka. Acha."

"Unanihurumia?"

"Nani akuhurumie? Nataka umukalie tena samedi ingine. Nilikuwa nalia, nusu sikuona."

Akaweka Dix-Tonnes mu mufuko, akaifunga na kiganja. Kisha akauliza, na sauti ndogo yenye sijasikiaka kwake, kama anaweza kumuona Muriro karibu.

Nikamupa simu. Paka alikuwa amekaa vile vile, nyufa zinawaka, zinafifia. Paulin akamusogeza mpaka ku uso wake. Akamupulizia, pole pole, kama mutu anapulizia uji wa mutoto.