Nusu Kilo ya Lugano

Kila Jumatano asubuhi Lukia alifukuza mbuzi kwenye kiwanja cha ndege cha Same, kisha akapangusa mizani ya kupimia abiria. Ilikuwa ile ile ya kupimia katani, imening'inizwa kwenye mti, na kwenye ndoano wamefunga kiti cha kamba. Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru. Watu walishuka toka Vudee, kule milimani, na viazi vyao vya kuchemsha, kuitazama ndege tu. Yenyewe ndogo, ya viti vitano, ikitoka Moshi kwenda Mbeya.

Wafu walianza kupanga foleni juma la pili tangu ndege ianze kutua. Walikuwa wakata mkonge, watu wa mbali, waliozikwa pale pale kabla greda halijasawazisha makaburi yao kuwa njia ya ndege. Walikuja na mikeka na sufuria, wakasimama nyuma ya abiria wengine. Hakuna aliyewasukuma.

Wa tatu alikuwa Lugano, mume wa Lukia, aliyekufa miaka sita nyuma.

"Mama Ziada, umenenepa."

"Na wewe umekonda. Waenda wapi?"

"Nyumbani Tukuyu, kule Mbeya. Mama bado ananiwekea chakula."

Lukia akamkalisha kitini. Mshale haukusogea. Karani Hezroni akaweka kalamu chini.

"Asiye na uzito simwandiki, Mama Ziada. Fomu inataka kilo."

"Hata kidogo?"

"Kidogo si neno. Ila kiwepo."

Kwao Lukia, aliyefia mbali hurudishwa kwa udongo wa kaburi lake. Yeye ndiye aliyemzika Lugano, mahali alipajua. Rubani akinywa chai, Lukia alichukua jembe akachimba katikati ya njia ya ndege. Hezroni akatazama milima. Udongo ukafungwa kwenye kitambaa, Lugano akaupakata, mshale ukasogea. Hezroni akaandika: nusu kilo.

"Huji?" Lugano aliuliza.

"Mbuzi nimwachie nani?"

Rubani akalikwepa shimo, ndege ikapaa. Lukia hakupunga, mikono ilikuwa na udongo.

"Dada," wakasema waliobaki, "na sisi tuchimbie."

"Mmelala wapi?"

Waliitazama ile njia, nyekundu, tambarare, toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyelijua kaburi lake.

Ijumaa bwana wa kiwanja aliliona shimo. Akaamuru lifukiwe, na njia iongezwe hadi safu ya pili ya makaburi, ile ambayo greda halijaigusa, maana ndege kubwa zaidi inakuja. Jumatatu greda likafika. Wafu wakasogeza mikeka yao, wakaliachia greda njia.