Kikohozi cha Mfano

Walimchagua mume wangu kwa sababu alikohoa vizuri kuliko wote.

Mkutano ulifanyika sebuleni kwangu. Wafanyakazi wa kiwanda cha vigae waliougua kwa vumbi la mashine za kukatia walikuwa mia mbili na kitu. Waliopata viti kwangu ni kumi na mmoja. Wakili wetu alieleza kwamba mahakama haiwezi kusikiliza watu wote hao mmoja mmoja. Mmoja atasimama kwa niaba ya wenzake: akishinda, kiwanda kitawatibu wote; akishindwa, wameshindwa wote. Basi wakakohoa kwa zamu, wakili kafumba macho anasikiliza. Ilipofika zamu ya mume wangu, alikohoa mpaka nikamletea ndoo.

"Huyu," wakili akasema. "Jaji akimsikia huyu, kazi imekwisha."

Wakapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mume wangu ndiye aliyemwingiza kiwandani, akampa nafasi yake ya dirishani penye hewa, yeye akahamia penye vumbi. Nami, mjinga mimi, nilijivuna siku ile.

Mahakamani, wakili wa kiwanda hakubisha kwamba mume wangu ni mgonjwa. Alimwonea huruma, mnafiki mkubwa yule. Akasema mgonjwa wa kiasi hiki hawezi kuwa mfano wa wenzake, maana wenzake bado wanapanda ngazi na kwenda kazini, huyu hata kiapo alikula amekaa. Anayesimama kwa niaba ya watu lazima shida yake ifanane na yao. Jaji akakubali. Akatupa wiki tatu tulete mtu mwingine na orodha ya watu wanaofanana, la sivyo kesi inafutwa.

Wakarudi sebuleni kwangu, wakanywa chai yangu. Wakili akasoma maelezo mapya ya kundi: wote waliougua kwa vumbi na bado wanaweza kufanya kazi.

"Na mume wangu?" nikauliza.

"Yeye atafungua kesi yake peke yake, mama."

"Itachukua muda gani?"

"Miaka mitano. Labda sita."

Daktari alikuwa amesema asipotibiwa hamalizi mwaka, na wote pale walilijua hilo. Wakatazama vikombe vyao, kisha wakatia saini. Shemeji alitangulia, maana ndiye mwakilishi mpya. Kikohozi chake kilikuwa cha wastani. Mume wangu alimpa kalamu mwenyewe.

"Saini, mdogo wangu. Msije mkakosa wote."

Nilitamani kuwamwagia ile chai usoni.

Siku ya kesi shemeji alikuja kuazima koti la kaka yake. Mume wangu naye akang'ang'ania kwenda, amwone mdogo wake akisimama. Tukakaa benchi la nyuma. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaeleza jinsi vumbi linavyokaba, mume wangu akashikwa na kikohozi, kile kile walichokipigia makofi. Jaji akaacha kuandika.

"Huyo si yule wa kwanza? Bado yumo kwenye kesi?"

Wakili wetu akainamia makaratasi. Shemeji akageuka, akatutazama, akafunga kifungo cha koti.

"Hayumo, mheshimiwa."

"Basi atoke, tusikilize wagonjwa."

Askari akatufungulia mlango.