Kiti cha Nyuma cha Merle Haskett

Wiki ile Merle Haskett aliuawa mara nne kabla hata ya Alhamisi. Kuuawa kwa mazoezi, ndiyo, lakini pale Miramar, kambi ya marubani wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1970, rubani aliyeuawa alishuka uso umesawijika. Baada ya majuma sita manowari ya kubebea ndege ingewapeleka vitani Vietnam, na huko hakuna cha mazoezi.

Aliyemuua kila mara ni mkufunzi Kubiak, mtu mfupi, mwingi wa mizaha, akirusha kidege kidogo kilichojifanya cha adui. Merle akikata kushoto, Kubiak keshafika, anamsubiri. Mara moja, sawa. Mara nne? Hapana bwana, hapa kuna mtu anauza siri. Na ndani ya ndege ile walikuwa watu wawili tu.

Basi Merle akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni Orrin Tuttle, msoma rada wake wa kiti cha nyuma. Mwaka mzima wameruka pamoja, na Orrin ndiye aliyemsimamia arusi yake. Lakini Jumatano, kwenye klabu ya maofisa, alimkuta wameinamiana na Kubiak, bia hazijaguswa, wanachora mishale kwenye karatasi ya kufutia mikono. Merle aliposogea, Orrin akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mnachora nini?"

"Upuuzi tu, kaka. Kaa nikuagizie."

Upuuzi! Merle hakukaa. Alhamisi asubuhi akamwendea mkuu wa mafunzo akataka abadilishiwe mtu wa nyuma.

"Sababu?"

"Simwamini."

Mkuu akaandika, wala hakuuliza la pili.

Kuwasha kinasa sauti cha ndani ya ndege ilikuwa kazi ya Merle, na mara zote nne, kwa haraka zake, alikuwa amesahau. Siku hiyo alikiwasha makusudi, apate kumkamata Orrin. Wakaruka, wakauawa mara ya tano.

Desturi ya pale, wakishashuka wote huingia chumba chenye ubao, vyeo vinaachwa mlangoni, na kila mtu anataja kosa lake mwenyewe kwanza. Merle akasimama.

"Kosa langu ni kumwamini mtu."

Orrin akatazama buti zake. Kubiak akabonyeza kitufe cha kinasa sauti, kanda ikaanza kuzunguka.

"Merle, usizime moto!" Ilikuwa sauti ya Orrin, inahema. "Moshi, Merle! Moshi unatuuza!"

"Nyamaza wewe, naendesha mimi!"

Mara tatu Orrin alisema, mara tatu alinyamazishwa. Merle akatamani sakafu immeze.

Kubiak akachukua chaki. Safari hii hakutania.

"Kila ukitaka kukata kushoto, unauzima kwanza moto wa ziada, ule unaoongezea injini nguvu, ili ubane mafuta. Ukiuzima, injini zako zinatema moshi mweusi, nami nauona toka maili kumi. Nahesabu mbili, nakwenda kushoto. Jana Orrin kaning'ang'ania mpaka nikamwambia. Akaniomba nikueleze wewe faragha, usije ukaaibika mbele ya wenzio. Ulipotufikia, ukakataa kukaa."

Merle alimkimbilia Orrin nje, karibu na maegesho.

"Orrin, nisamehe. Nilikuwa mjinga. Naenda sasa hivi kwa mkuu nifute lile ombi."

"Limeshapita. Mkuu kaniita kabla hatujaruka. Jumatatu naruka na Pruitt."

"Ulijua, na bado ukapanda na mimi?"

"Nilipangwa na wewe leo." Orrin akafungua mlango wa gari. "Kukusamehe nimekusamehe, Merle. Ila kule Vietnam, nikikwambia kombora liko nyuma yako, utakata, au utajiuliza kwanza jana nilikunywa na nani?"

Merle alifungua kinywa aape kwamba angekata papo hapo. Hakuweza, kwa sababu hakuwa na hakika.

Orrin akawasha gari.