Msiba wa Mshale wa Kaboni

Chama cha wapiga upinde wa asili kilikuwa na desturi moja ambayo wageni wakielezwa hucheka, kisha wakiona hakuna anayecheka nao hujikohoza. Mshale ukivunjika, ulifanyiwa msiba. Tena si msiba wa mzaha. Mwenye mshale alibeba vipande kwa mikono miwili, wenzake wakamfuata kimya mpaka nyumbani kwa fundi aliyeuchonga, maana sheria ilisema marehemu arudishwe alikozaliwa. Hapo viti vilipangwa, chai ikamiminwa, na kila mmoja akasimama kusema uongo mzuri juu ya marehemu: jinsi alivyonyooka, jinsi alivyouvumilia upepo, jinsi alivyowahi kukosa shabaha kwa makusudi ili asimwaibishe mgeni.

Fundi mwenyewe walimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata gundi ya kubandikia manyoya. Mtu mfupi, mdomo mrefu. Ukimsifia mshale wake alikuuliza umeanza lini kuwa na akili, na usipousifia alikuuliza umeanza lini kuwa kipofu.

Aliyeianzisha desturi ile alikuwa mkewe. Siku moja mwanachama mmoja alifika mlangoni na vipande vya mshale, machozi yanamlengalenga, na yule mama hakucheka. Alimwambia, "Pole, baba. Kaa kwanza unywe chai, mambo ya kuzika yatafuata." Basi ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi. Mpaka yeye naye akafariki, na huyo hakuwa mshale, na Gundi akabaki na randa, msasa, na viti vingi kuliko makalio.

Siku za kazi alijikaza kisabuni. Alichoogopa ni Jumamosi. Jumamosi alasiri nyumba ile ilikuwa inanyamaza mpaka unasikia gundi inakauka. Lakini mshale wa mti una hulka ya kufa: utagonga jiwe, utagonga nguzo, utagongana na mwenzake, na kila Jumamosi hakukosi marehemu. Watu walijaa. Mtu alivunja kikombe, mtu aliosha vyombo huku anaimba vibaya, Gundi akawagombeza wote kwa zamu na moyo wake ukatulia wiki nzima. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na mdomo ule?

Ndipo mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, akaja uwanjani na mishale ya kaboni.

Myeusi, myembamba, na nyuma ina manyoya ya plastiki ya rangi ya chungwa. Gundi aliushika mmoja kwa ncha za vidole.

"Mkwe, hiki ni nini?"

"Mshale, baba."

"Nani kaufanya?"

"Kiwanda, baba."

"Kiwanda hakina jina? Hakina mama?"

Mkwe akainamisha kichwa kwa adabu, kwa kuwa alimheshimu mzee kupita kiasi, kisha akafanya jambo lililomkera Gundi zaidi ya yote. Kabla ya kupiga, aliuchukua kila mshale, akaupinda kidogo karibu na sikio, akasikiliza. Alieleza kwamba kaboni huweza kupasuka ndani bila kuonyesha nje, na ukipiga mshale wa namna hiyo utakusambaratikia mkononi. Kwa hiyo lazima usikilize kama unalia.

"Wangu ukifa unaonekana umekufa," alisema Gundi. "Wako unataka mpaka uulizwe."

Wanachama wakamgeukia Mwenyekiti, kinyozi mwenye sauti ya hakimu. Mwenyekiti akatafakari. Katiba ilisema upinde uwe wa mti. Juu ya mshale haikusema neno, kwa kuwa walioiandika hawakuota kwamba mshale ungeweza kuwa kitu kingine. Kaboni ikapita.

Na kizuri chajiuza, jamani. Haukupita muda kila podo likajaa vijiti vyeusi. Vinagonga jiwe, vinarudi vizima. Vinagongana, vinaombana radhi. Jumamosi ya kwanza hakuna aliyefariki. Ya pili, hakuna. Ya tatu Gundi alipanga viti mwenyewe, akakaa hiki, akahamia kile, akapika chai ya watu wote, akainywa mpaka tumbo likamlalamikia. Binti yake alipopita jioni alivikuta viti bado kwenye duara.

"Baba, ulikuwa na wageni?"

"Wamekwenda," alisema Gundi. Binti akatazama vikombe vikavu.

Wiki iliyofuata Gundi alianza mauaji. Alichimbia jiwe kubwa nyuma ya bunda la majani makavu la shabaha. Mshale wa mkwe ukapenya majani, ukagonga jiwe, ukarudi kinyumenyume na kutoboa chupa ya chai ya Mwenyekiti. Mshale mzima, chupa hoi. Mama Miwani, mshona mapazia na mpiga shabaha bora kuliko wanaume wote pale, akatoa hoja kwamba basi waizike chupa. Kura zikapigwa. Hoja ikashindwa: marehemu hakuwahi kuwa mwanachama.

Jumamosi nyingine Gundi aliukalia mmoja. Ukamkalisha vibaya wiki nzima.

Maji yakamfika shingoni. Akaikumbuka sheria moja ambayo ilikuwa haijatumika tangu chama kianze: mshale uliopotea, ukitafutwa uwanja mzima usionekane, huhesabiwa umekufa.

Kwa hiyo alasiri moja, watu walipokuwa wakichomoa mishale yao kwenye shabaha, mtu mzima yule, baba wa mtu, mjane mwenye mvi, aliokota mshale wa mkwewe kwenye nyasi na kuuingiza ndani ya suruali. Kichwa cha mshale kikaingia soksini, mkia ukafika kwenye mkanda, kana kwamba alikuwa amepimiwa.

"Mshale wangu mmoja siuoni," alisema mkwe.

Wakatafuta. Walitambaa, walipekua nyasi, walitikisa vichaka. Gundi alitafuta amesimama.

"Mzee, mtaka cha mvunguni sharti ainame!" alimtania Mama Miwani.

"Goti," alisema Gundi. "Goti limenikaza."

Wakamhurumia. Mwenyekiti akatangaza kifo, na papo hapo pakazuka tatizo: marehemu arudishwe wapi? Kiwanda kiko ng'ambo, na hakuna aliyejua kama wana viti. Mwenyekiti akafumba macho, akafumbua, akatoa hukumu.

"Marehemu hana kwao. Basi azikwe ukweni."

Na ukweni kwa mwenye mshale kulikuwa wapi kama si nyumbani kwa Gundi? Moyo wa mzee ukaruka. Alikuwa ameshindwa kuupata msiba kwa mlango wa mbele, sasa umekuja wenyewe na ndugu zake wote. Tatizo ni kwamba walitaka kwenda saa ileile, wote pamoja, na Mama Miwani akamshika mkono njia nzima kwa ajili ya lile goti. Hakupata nafasi hata ya kujikuna. Akaingia nyumbani kwake akiburuta mguu, na marehemu akiwa ndani ya suruali.

"Kaa, mzee," walimwambia.

"Nitasimama."

"Kwenye msiba? Kwako mwenyewe?"

"Uchungu," alisema Gundi. Na kweli ulikuwepo, maana kichwa cha mshale kilikuwa kimeanza kumla kifundo cha mguu. Ungekuwa wa mti, ungeshakatika zamani kwa heshima.

Lakini lo, nyumba ilivyojaa! Binti yake alipita na birika. Mtu alivunja kikombe na Gundi akamgombeza kwa furaha hata sauti ikamtetemeka, watu wakadhani analia. Mwenyekiti alisimama akamsifu marehemu kwamba hakuwa na makuu ingawa alitoka ng'ambo. Mama Miwani akasema hakumfahamu vizuri, ila hakuwahi kumsikia akimsengenya mtu. Wakamgeukia mkwe.

Mkwe alisimama, akatazama chini. "Mimi sijui kusema," alianza. "Nilimnunua kwa sababu nilichoka kuja hapa kila Jumamosi na vipande, nikidhani nampa baba kazi ya kunichongea mwingine. Nikasema nimpunguzie mzigo. Nyumbani tukafurahi kwamba sasa baba anapumzika." Akamtazama mkewe. "Sikujua kupumzika kwenyewe kunafananaje. Mke wangu ndiye aliyeniambia juu ya viti."

Gundi aliguswa, na akaguswa pabaya, kwa sababu mtu akiguswa hutaka kukaa chini. Akasahau. Alilegeza magoti nusu, mshale ukagoma, mkanda ukaachia, na manyoya ya plastiki ya rangi ya chungwa yakachomoza kiunoni mbele ya waombolezaji wote.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Gundi alitazama manyoya yale, akatazama watu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mdomo ule haukuwa na neno. Alichoona mbele yake ni watu wakiinuka, wakichukua pinde zao, na Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake zikitoka nao mlangoni.

Mkwe alimsogelea. Akauchomoa mshale polepole, kwa mikono miwili, kama wanavyobebwa marehemu. Akaupeleka sikioni, akaupinda kidogo, akasikiliza. Akakunja uso.

"Umekufa," alisema.

Akampa Mwenyekiti. Mwenyekiti akaupinda, akasikiliza muda mrefu, kinyozi yule aliyeweza kusikia unywele mmoja ukianguka. "Umekufa kabisa," alisema. Akampa Mama Miwani, naye akavua miwani, sijui kwa nini, watu husikiliza kwa masikio. "Masikini," alisema. "Alikuwa bado kijana." Mshale ukazunguka duara lote, sikio hadi sikio, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni, mpaka ukamfikia Gundi.

Gundi akaupinda. Akatega sikio lile la fundi aliyesikiliza fito maisha yake yote. Hakusikia hata chembe ya ufa. Mshale ulikuwa buheri wa afya.

Akainua macho. Hakuna aliyekwepesha yake.

"Kweli," alisema. "Umekufa."

"Na mingine podoni, baba, hali yake si nzuri," alisema mkwe kwa upole. "Nadhani ni ugonjwa wa ukoo. Itaondoka mmoja mmoja. Kila Jumamosi mmoja."

Hapo Gundi akakaa. Akaulaza mshale magotini, akalia kilio chake mwenyewe, kile ambacho siku ya kumzika mkewe alikuwa amekibana na kukigeuza matusi kwa wapangaji wa viti. Binti yake akaja akakaa kando yake na birika mkononi. Waombolezaji wakamwacha alie, maana hilo walilijua vizuri kuliko kupiga shabaha.

Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono, gundi ikamnata shavuni.

"Mwiteni kila mtu Jumamosi ijayo," alisema. "Na mkwe, usinichelewee. Maiti haikai."