Spika ya Kushoto

Spika mpya zilipofika, Rukman alizitoa kwenye maboksi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa kichanga na mkunga. Zilikuwa nyeusi za kung'aa, midomo yake ya rangi ya dhahabu, na chini ya kila moja palikuwa na kitaa cha buluu. Akazipanga mezani, akarudi nyuma hadi mlangoni, akazipiga picha.

"Mdogo wangu, tazama mambo haya! Mteja akiingia humu, hata hajakaa, keshalainika."

Wiarsih hakulainika. Katika studio yao ya uchochoroni, huko Bandung, kaka mtu ndiye aliyetafuta wateja na kuwachekesha, naye Wiarsih ndiye aliyekaa kitini kuchanganya sauti. Spika zake za miaka yote zilikuwa za kijivu, zimekwaruzika, na moja ilivunjika pembe siku walipohamia. Sura hazikuwa nayo, ila hazikuwahi kumdanganya.

"Spika si pazia la sebuleni, kaka. Mimi nataka ya kuniambia ukweli."

"Na mteja anataka studio, siyo ghala la vyuma chakavu. Hizo zako hata mwizi angezirudisha na kutuachia pole!"

Muuzaji alikuwa amekubali kuzipokea tena zisipowaridhisha, kwa hiyo wakakubaliana Wiarsih azijaribu. Akaweka wimbo alioujua kama njia ya kwao. Nyuzi za kecapi, zeze la Kisunda, upande wa kulia zilimeremeta, lakini za kushoto zilitoka zimefifia, kana kwamba mtu ameitupia spika blanketi.

"Ya kushoto mbovu," akasema.

Rukman akainamisha kichwa, akasikiliza. "Mbona mimi naisikia sawa?"

"Wewe husikia sawa hata gari likikwaruza ukuta."

Wakazibadilisha, ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaja kulia. Ufifi ukabaki kushoto. Rukman akacheka hadi akashika meza.

"Umeona? Sasa mbovu imekuwa nzima na nzima imekuwa mbovu! Sema tu umezichukia kwa sababu zimekuzidi uzuri."

Wiarsih akacheka naye, huku akizikagua waya. Labda ni waya, akajiambia. Labda ni ukuta. Mama Komala, mwimbaji ambaye jiji zima lilimjua kwa nyimbo za Kisunda, alikuwa anakuja alasiri ileile kusikiliza albamu aliyomkabidhi Wiarsih, na si mwingine yeyote.

Rukman alipotoka kwenda kununua bajia za mgeni, Wiarsih akaziburuta spika za kijivu, akaziunganisha kwa waya nyingine, akapiga wimbo uleule. Kushoto palikuwa pamefifia.

Spika hizi zilimlea. Taratibu akakizungusha kiti mpaka akazipa mgongo na kutazama mlango. Sasa spika iliyokuwa kulia kwake ikawa kushoto. Na ufifi ukahama naye, ukamfuata kama mbwa anavyomfuata mwenyewe. Haukuwa wa spika hizi wala zile.

Ndipo alipoikumbuka asubuhi ya juzi, alipoamka sikio limejaa kana kwamba limeingia maji, na ndani yake mlio mwembamba usiokoma. Alisingizia mafua, akanywa tangawizi, akaenda kazini. Fundi sauti wa sikio moja ni nani? Akitamka neno hili, wateja watakwenda wapi? Na Rukman je, aliyeacha kazi yake dukani ili wafungue studio hii? Akazirudisha zile nzuri mahali pake, akafuta vumbi ambalo halikuwapo. Akaamua kunyamaza.

Mama Komala aliingia akiwa amelowa mvua, akapiga kelele ya furaha alipoziona spika mpya. "Ala! Zimependeza kama maharusi wawili! Wanangu, mmepanda daraja."

"Si nilikwambia?" Rukman akamnong'oneza dada yake. Alimnong'oneza upande wa kushoto. Wiarsih aliona midomo tu ikicheza.

Wakakaa na chai na bajia, wimbo ukapigwa. Mama Komala akafumba macho. Ulipokwisha akamgeukia Wiarsih. "Haya, sema kweli, mwanangu. Sauti yangu imekaa katikati, au imeegemea? Masikio yangu ya kizee siyaamini. Ninaamini yako."

Wiarsih akafungua kinywa aseme imekaa. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Badala yake machozi yakamtangulia.

"Sijui, mama. Sikio langu la kushoto halisikii."

Rukman akaweka bajia chini. "Acha utani wako."

"Sina utani, kaka. Nimezipiga na za zamani. Ni mimi."

Mvua ikapiga juu ya bati. Wiarsih alingoja mgeni abebe mkoba wake. Mama Komala akaubeba kweli, kisha akamshika mkono. "Tangu lini? Juzi? Na bado umekaa hapa unaninywesha chai? Rukman, washa gari! Albamu haiozi. Sikio ndilo linaloharibika."

Daktari wa masikio alimpima, akawaambia ni mshipa wa kusikia ulioshtuka ghafla, na hakuna ajuaye kwa nini. Wengi huja baada ya miezi wakidhani ni uchafu, na wakati huo dawa haina la kufanya. Wiarsih alikuwa amewahi, ila daktari hakumwahidi kitu. Wiarsih akameza vidonge vilivyomvimbisha uso na kumnyima usingizi. Kila alfajiri alisugua vidole karibu na sikio lile, akisikiliza, akiogopa kusikiliza. Rukman hakutania tena. Alikaa mlangoni kwake akiuliza, "Vipi?" na kabla hajajibiwa anauliza tena.

Mwezi uliofuata, sehemu kubwa ilirudi. Si yote, kwani mlio mdogo ulibaki, na daktari akasema huenda utabaki naye.

Wiarsih akamwambia kaka yake afunike jozi zote mbili za spika kwa shuka, apige moja baada ya nyingine bila kumwambia ipi ni ipi. Akasikiliza muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku, akaomba zirudiwe.

"Za kwanza," akasema mwisho. "Hizo hazifichi kitu."

Rukman akavuta shuka. Dhahabu ikamwaka usoni.

"Maharusi!" akapiga kelele. "Umewachagua mwenyewe! Nani alizichukia?"

"Mimi," akasema Wiarsih, akicheka na kuona haya. "Niliziona sura tu, kama wewe. Ila zima hizo taa za buluu, zinaniumiza macho."

Kisha akampigia simu Mama Komala aje waanze upya wimbo wa kwanza.